Uzi Ukikatika, Mashine Husimama

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa idara mliokaa mbele, na ninyi wasimamizi wapya wa zamu ambao hasa ndio nimewafuata hapa Morogoro, hamjambo. Wakubwa zangu kwa umri mliomo humu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie bosi mkali na watu walio chini yake. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya nguo miaka 31, nikianzia kukunja majora hadi kuongoza zamu ya watu 140. Kwa hiyo nitawaeleza niliyoyaona, pamoja na jambo moja nililolifanya mimi mwenyewe ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku usingizi unapaa.

Nianze na khanga.

Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa zamu ya asubuhi katika idara ya uchapaji. Mkuu wetu wa uzalishaji alikuwa mtu wa kazi kweli kweli. Saa kumi na mbili kamili yupo getini, jioni sisi tunaondoka yeye bado yumo. Alikijua kitambaa kwa kukishika tu. Na alikuwa mkali. Wiki hiyo tulikuwa nyuma ya tageti, wafanyabiashara wa Kariakoo wanasubiri mzigo kabla ya Idi, na Jumatatu alitukusanya uani zamu zote akasema: "Wiki hii sitaki kusikia mashine imesimama. Atakayesimamisha mashine, na yeye atasimamishwa." Tulimwelewa. Mwezi uliotangulia kijana mmoja alizima mashine bila kuuliza, na hatukumwona tena.

Alhamisi usiku ikaanza kuchapwa khanga mpya. Mji wake ulikuwa na korosho nne kubwa, pindo nyeusi na nyekundu, na jina lake WEMA HAUOZI. Skrini ya jina ilikuwa mpya, imefika jioni ile ile, ikafungwa haraka haraka na kazi ikaanza saa nne na nusu. Asubuhi, zamu zinapokabidhiana, nikalikuta jora la kwanza mezani kwangu. Nikasoma. Nikasogea dirishani nikasoma tena. WEMA HUOZI. Herufi A haikuwepo.

Akina mama mliomo humu mnajua maana yake. Mnunuzi wa khanga anaikunjua, anatafuta jina, analisoma, ndipo anauliza bei. Rangi inakuja baadaye. Khanga ni ujumbe, mtu anamnunulia mama yake, anamnunulia wifi yake aliyemkosea, anajivika mwenyewe apite nayo mtaani wasome. Nani atajivika neno lisilosomeka? Zaidi ya mita elfu sita zilikuwa zimeshachapwa. Hizo ni kama doti elfu mbili.

Mkuu akaja. Akawaita wote wa usiku kabla hawajapanda basi. Aliyekuwa kwenye mashine alikuwa fundi wa makamo, mtu wa miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi ile. Akamuuliza, "Hukuiona?"

Fundi akajibu kwa sauti ya chini, "Niliiona, mkuu. Saa tano usiku."

"Sasa kwa nini hukuzima?"

Yule mzee akatazama viatu vyake, vimejaa rangi nyeusi mpaka kwenye kamba. "Ulisema hutaki kusikia mashine imesimama."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Hakusema kwa kiburi wala kwa kumkomoa mtu. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichopewa atunze.

Na hakuwa peke yake. Siku zilizofuata niliwauliza mmoja mmoja. Aliyekuwa anapokea kitambaa mwisho wa mashine aliiona. Wa kwenye kikaushio aliiona. Mpishi wa rangi aliiona alipopita kuchukua ndoo. Hata kibarua wa kusukuma toroli, aliyeishia darasa la saba, aliisoma na akajua haiko sawa. Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Akaniambia, "Dada, mimi ni nani?"

Nimelibeba swali hilo kwa miaka mingi. Mtu mzima, fundi anayeheshimika mtaani kwake, mzee wa kanisa, anaogopaje kusema neno moja litakalookoa mita elfu sita? Tazameni nguvu ya yule mkuu ilikuwa wapi. Ndiye aliyekuwa anapanga nani aingie usiku na nani mchana. Ndiye aliyeidhinisha saa za ziada, na kwa mishahara yetu saa za ziada ndizo zilikuwa ada ya shule. Ndiye aliyesaini fomu ya likizo. Ndiye aliyesimama getini alfajiri akinyoosha kidole, wewe ingia, wewe ingia, wewe rudi kesho. Hakuwahi kumwambia mtu atamkomesha. Ila ungeweza kubishana naye leo, halafu ukajikuta umepangwa usiku wiki tatu mfululizo, na usijue kama ni bahati mbaya au ni adhabu. Hofu ya kazini inazaliwa hapo, kwenye kutojua.

Wasimamizi wapya, kalamu ile ya kupanga zamu mmepewa ninyi sasa. Mnaiona ni kalamu tu kwa sababu mnaishika kwa upande wa kushikia.

Sikusimulia haya ili mseme yule mkuu alikuwa mtu mbaya. Alitaka kitu halali: mzigo uondoke kwa wakati na watu walipwe. Na wala tatizo halikuwa ukali wake. Miaka miwili baadaye nilihamia kiwanda kingine, nikawa naongoza mashine moja ya uchapaji, na hapo nikakutana na mama mmoja mkuu wa ukaguzi aliyekuwa mkali kumzidi. Tulimwita Bi Mkubwa. Siku moja alinirudishia majora matatu kwa mpigo. Nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikamwambia mbele za watu, "Bi Mkubwa, hili si kosa la mashine yangu. Uzi umekuja na mafundo." Wenzangu wakanyamaza, wananitazama kama mtu aliyekwisha kufukuzwa.

Bi Mkubwa hakunijibu. Akatwaa jora moja begani, akaniambia chukua hayo mengine, tukavuka uwanja mzima kwenye jua la saa saba mpaka idara ya kusokota. Akaomba aoneshwe nyuzi za siku ile. Alikaa pale karibu saa nzima, anavuta uzi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, hasemi kitu. Tuliporudi akasema, "Una haki kwenye majora mawili. La tatu ni lako, lirudie." Nikalirudia, na sikuwa na kinyongo hata chembe.

Huyu alidai kuliko yule wa kwanza. Alitutoa jasho. Lakini ukimjibu, alinyanyuka kwenda kuangalia. Neno langu lote la leo ni hilo, na mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka: bosi adai kadiri kazi inavyotaka, ila anayedaiwa awe na mahali pa kujibia, na akijibu pawe na mtu wa kunyanyuka.

Ninyi mnaitwa wasimamizi, lakini mafundi wenu wakiwa peke yao wanawaita wanyapara. Neno hili lina safari ndefu na imepita hapa hapa. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa inatoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, wapagazi Wanyamwezi walitembea kwa makundi, na kila kundi lilikuwa na mnyapara wake, mtu mzima wanayemwamini. Mbele kabisa alitangulia kirangozi, mwonesha njia. Mnyapara alijua nani ana homa, nani amechubuka bega, nani hajala. Posho ikipungua, yeye ndiye aliyekwenda kusema na mwenye msafara. Na mwenye msafara alisikiliza, hata akiwa mkatili kiasi gani, kwa sababu wapagazi wakidhulumiwa waliweka mizigo chini wakaingia porini. Pembe za ndovu hazijibebi. Kutoroka kulikuwa ndilo jibu lao, na kila tajiri wa pwani alilihesabu kabla hajatukana mtu.

Kisha ikaja reli. Ilifika Morogoro 1907, ikafika Kigoma 1914, na msafara ukafa. Neno mnyapara halikufa. Likahamia kwenye mashamba, kwenye ujenzi wa barabara, na gerezani, ambako mnyapara ni mfungwa aliyechaguliwa na walio juu awasimamie wafungwa wenzake. Mtu aliyekuwa anapeleka maneno ya wapagazi kwa tajiri akageuka kuwa mtu wa kupeleka maneno ya tajiri kwa wapagazi. Kazi ile ile, ila amegeuzwa uso. Nikimwona msimamizi anayejua kushusha maagizo tu na hajui kupandisha malalamiko, ndiyo hiyo historia naiona inatembea.

Watu wa nchi hii waliwahi kulisema jambo hili kwa sauti kubwa, na inanisikitisha kwamba vijana hawafundishwi. Azimio la Arusha lilikuja 1967, viwanda vikawa vya umma, wakuu wakawa wenzetu. Watu walitegemea dharau imeondoka na mkoloni. Haikuondoka, ilibadilisha ofisi. Waliwaita mabosi wale wapya manaizi, kwa ule mpango wa naizesheni, yaani wa kuwapa Waafrika vyeo vilivyoshikwa na wageni, uliowapandisha. Mwaka 1970 ukatoka Waraka wa Rais Namba 1 wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi, na Februari 1971 TANU, chama kilichotawala, ikatoa tamko lililoitwa Mwongozo. Ibara ya 15 ya Mwongozo ilitamka kwamba kwa kiongozi wa Tanzania majivuno, dharau na uonevu ni mwiko, na kwamba lazima pajengwe usawa kati ya kiongozi na anayeongozwa.

Wafanyakazi waliisoma ibara ile kama hati ya kumiliki nyumba. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilifuatana kiwanda kwa kiwanda, hasa Dar es Salaam. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mishahara ilikuwa midogo sana na ungetegemea wagomee mishahara. Migomo mingi ya kipindi kile ililalamikia matusi, ubabe na dharau za mameneja. Mtu aliyekuwa anakula mlo mmoja aliweka zana chini kwa sababu ameitwa mbwa. Mwaka 1973, kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Wale waliosemwa kuwa wavivu na watukutu waliendesha mashine bila bosi. Baadaye serikali ikakaza kamba, wapo waliofukuzwa kazi kwa kufuata maneno ambayo chama chao wenyewe kiliyaandika, na vuguvugu lile likazimwa.

Mimi nikitazama kipindi kile naona kitu kimoja. Mabaraza yalikuwepo, yaani mahali pa kujibia palikuwepo kwenye karatasi. Lakini mabaraza yalijaa upande wa menejimenti, na mfanyakazi akisema hakuna aliyenyanyuka kwenda kuangalia. Jibu likikosa mlango halali linatafuta ukuta. Na mabaraza yetu ya leo je? Nimekaa kwenye mengi. Tunasomewa bajeti, tunapewa soda, tunasaini posho, tunarudi. Kama baraza lenu liko hivyo, mnalo jengo bila mlango.

Sasa nigusie salamu, maana wengi wenu ni vijana na hili litawakuta Jumatatu.

Una miaka 27, umetoka chuo, chini yako kuna mzee wa miaka 54. Mnakutana asubuhi kwenye korido. Nani anamwamkia nani? Nimeona kwa macho yangu mzee anasema "shikamoo bosi", na kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho anaitikia "marahaba" huku anatazama simu. Iliniuma kama nimepigwa mimi. Mzee yule alikuwa amejua kwamba cheo cha kijana kimempita umri wake, na kwamba kuanzia siku hiyo usalama wake uko kwenye kujinyenyekeza. Mtu aliyefika hapo atakwambia mashine ni nzima hata kama inatoa moshi. Muamkie wewe, muamkie kwanza, muamkie mbele za watu. Na siku ukilazimika kumkosoa, usimkosoe mbele ya vijana wake. Mwite pembeni, mwambie, "Mzee wangu, kuna jambo naomba tulizungumze," kisha mwambie ukweli wote bila kupunguza. Nimewakosoa wazee kwa namna hiyo kwa makosa makubwa na hatukuvunjiana heshima.

Kuna wengine wanaokuja kwako bila kuitwa. Hao kuwa nao macho. Wiki ya kwanza tu utapata mtu wa kukuletea chai na maneno: fulani kasema hivi, fulani alilala. Utaona umepata masikio. Ukweli ni kwamba umepoteza wengine wote, kwa sababu zamu nzima inajua nani anakuletea, na kuanzia hapo watazungumza mbele yako mambo ya mpira tu.

Sheria nitaipitia kwa kifupi, wanasheria watakuja mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kati ya siku ya kazi na nyingine mtu apate saa 12 mfululizo za kupumzika, kwa hiyo ninyi wa kutuma ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku "kesho nataka maelezo", mjue mnaingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Mfanyakazi hafukuzwi bila sababu ya haki na bila kusikilizwa. Anaitwa, anaambiwa kosa lake, anapewa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na anaruhusiwa kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtaona kwamba sheria yenyewe imejengwa juu ya jambo lile lile, mtu asihukumiwe kabla hajajibu.

Lakini sheria inakaa kwenye kabati, na mimi ni ushahidi. Niliahidi kuwaambia nililolifanya.

Nilikuwa msimamizi wa mwaka wa pili, tageti iko juu yangu, na nilikuwa nimejifunza kupaza sauti. Ilikuwa inafanya kazi. Nikipita, mikono inaongeza kasi. Niliamini ule ni uongozi. Kwenye meza ya kukunja palikuwa na binti amerudi kutoka uzazi. Siku moja saa nne asubuhi nikapita nikaona kifua cha sare yake kimelowa, pande zote mbili, na tone limeangukia kitambaa cheupe mbele yake. Nikamfokea. Nilimwambia anachafua mali, akajifute. Meza nzima ikasikia. Akasema, "Samahani mama," akavuta kitambaa kingine, akaendelea kukunja.

Sheria ile ile niliyoisema inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeisomea kwenye semina kama hii, cheti kiko ukutani. Yeye hakuijua, au aliijua akaogopa kuniomba, na mimi sikutofautisha. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka getini. Siku zile zote alikuwa anasimama pale na maziwa yanamwagika, kwa sababu mimi nilikuwa mtu ambaye haambiwi kitu.

Nilimwomba radhi, lakini baada ya siku nne. Nilihitaji siku nne. Nilimwomba mbele ya meza ile ile niliyomfokea, kwa sababu radhi ya ofisini kwa fedheha ya hadharani haitoshi. Akaanza kwenda kunyonyesha. Alikuwa anarudi kabla ya muda wake.

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine sijaambiwa. Nikapitia daftari la makosa la zamu yangu. Miezi miwili, kurasa karibu zote nyeupe. Nilikuwa nimejisifia kurasa zile kwa meneja.

Mlioko idara ya kufuma mnajua mashine zenu zinavyojilinda. Juu ya kila uzi wa mtande kinaning'inia kijibati chembamba. Uzi ukikatika, kijibati kinaanguka, na mashine inasimama yenyewe. Haingoji mtu aje aone, wala kijibati hakiulizi kama mkuu ana hasira leo. Mashine maarufu ya aina hiyo ilikamilishwa Japani mwaka 1924 na Sakichi Toyoda, na mwaka 1929 haki zake zikauzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Familia ile ndiyo baadaye iliyounda magari ya Toyota mnayoyaona barabara ya Dodoma mchana kutwa. Na walipokwenda kwenye magari hawakuliacha lile wazo la mashine ya kufuma. Kwenye viwanda vyao mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wake anakuja, na isipotatuliwa mstari unasimama. Mtu wa chini kabisa anaweza kusimamisha kazi ya mamia ya watu.

Fundi wetu wa khanga hakuwa na kijibati. Alikuwa na macho, elimu na miaka ishirini, na vyote vile havikuunganishwa na swichi.

Mimi sikuwa na kamba ya kufunga. Nikagawa vitambaa vyekundu, vipande vya mabaki tu, kila kituo kimoja, hadi kwa vibarua wa toroli. Nikasema, ukiona kitu kinakutia shaka tundika, nitakuja. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Wiki sita vitambaa vilikaa mifukoni. Watu walikuwa wananipima, na walikuwa na haki ya kunipima. Wiki ya saba kibarua mmoja akatundika. Nikaenda mbio. Akaniambia rangi ya bluu imebadilika. Tukazima, tukatazama. Ilikuwa ni kitambaa hakijakauka, rangi haina tatizo. Dakika kumi na moja zimepotea.

Zamu nzima ilikuwa inanitazama mimi, hakuna aliyekuwa anatazama kitambaa. Nikamshukuru kwa jina lake, kwa sauti ile ile niliyokuwa nafokea. Kesho yake vilitundikwa vitambaa viwili, na kimoja kilikuwa sindano iliyopinda ambayo ingetutobolea mzigo wa siku nzima.

Sasa wakuu wangu wa idara, hili ni lenu. Kwenye ripoti ya mwezi ule zile dakika kumi na moja ziliandikwa kama upotevu kwenye jina langu, na nilikatwa alama. Msimamizi yuko katikati, anabanwa juu na chini kama kitambaa kwenye rola. Mkimkata kwa kila dakika mashine iliyosimama, atakwenda kuvikusanya vile vitambaa kimya kimya, na mtamlaumu kwamba hasikilizi watu. Tazameni daladala zetu. Tajiri anataka hesabu yake jioni, imenyesha au haikunyesha, abiria wapo au hawapo, barabara imefungwa au iko wazi. Dereva hana mahali pa kujibia hesabu ile isipokuwa kwenye mwendo wa gari, na abiria ndio wanaolipa. Tageti mnayoishusha Jumatatu bila kuuliza uzi uko hali gani ni hesabu ya tajiri.

Yule fundi wa khanga alipewa barua ya onyo na kukatwa mshahara. Sijui kama mkuu wetu alijiandikia na yeye barua. Najua kwamba Jumatatu iliyofuata alitukusanya tena uani, akasema kuanzia leo kila skrini isomwe na watu wawili kabla ya kufungwa, na tukaitikia "sawa mkuu" sote kwa pamoja, kwa sauti moja, kama tulivyoitikia wiki iliyotangulia.

Nimezungumza peke yangu vya kutosha. Yule mama wa safu ya nyuma, mwenye mtandio wa kijani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja vibarua. Naomba apewe kipaza sauti. Na ninyi wakuu wangu wa mbele, nawaomba mgeuze viti mumtazame.